Wasifukazi Kama Ushahidi: Mchumaji Chai wa Roret na Utafutaji wa Kazi Mpya

Utangulizi

Wasifukazi ni utungo wa kiuamilifu unaoeleza elimu, tajriba na stadi za mtu anayetafuta kazi. Mwanafunzi wa Kiswahili huusoma pamoja na barua ya maombi na kumbukumbu za mkutano, kisha huusahau mtihani unapokwisha. Nje ya darasa, hata hivyo, utungo huu huamua nani ataitwa kwenye mahojiano na nani ataachwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuuandika kwa ufanisi, kwa mfano wa mchumaji chai wa Roret, Kaunti ya Kericho.

Muktadha

Katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mikono. Mnamo Mei 2023 hasira ilipanda hata baadhi ya mashine hizo zikateketezwa. Mchumaji aliyepoteza kazi na kurejea Roret anapotakiwa kuleta wasifukazi, aghalabu hujibu: "Mimi nilikuwa nachuma tu." Neno hilo "tu" ndilo kikwazo cha kwanza. Matokeo yake ni kwamba hulipia nakala ya kielelezo kwenye duka la kompyuta, ikabadilishwa jina tu, naye akafanana na waombaji wote wengine.

Kuitaja kazi kwa vitendo

Jina la kazi pekee halimwambii mwajiri mengi. Kinachomshawishi ni vitenzi, muda na vipimo. Mchumaji hodari huteua majani mawili na chipukizi, huacha majani yaliyokomaa, huyakinga aliyochuma yasishindiliwe na kupata joto, na huyafikisha kwenye mizani mapema. Hizo ni stadi. Kwa hiyo, badala ya "Nilifanya kazi shambani", aliyewahi kuongoza wenzake anaweza kuandika hivi: "Mchumaji na kiongozi wa kikundi cha watu 12, Machi 2017 hadi Juni 2023: kukagua ubora wa majani, kushuhudia upimaji na kuandika kilo za kila mchumaji."

Iwapo anaomba ukarani katika kituo cha kununulia chai cha wakulima wadogo, maelezo haya ndiyo roho ya wasifukazi, na yafaa yatangulie elimu. Akiomba kazi katika duka la pembejeo, atatanguliza uwekaji wa kumbukumbu na mazoea yake ya kushughulika na wakulima. Tajriba ni ile ile. Kinachobadilika ni mpangilio, kulingana na mahitaji ya tangazo.

Ushahidi na ukweli

Kila dai lihitaji kuthibitishwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, humlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa aliyefanya kazi kwa muda usiotimia wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja tarehe za kuanza na kumaliza kazi, aina yake na mahali ilipofanyiwa. Wengi huondoka bila kukidai, ilhali ndicho nguzo ya wasifukazi wao.

Aidha, njia ya mwongo ni fupi. Mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 walibainika kuwa na vyeti ghushi. Aliyeishia kidato cha pili na aandike hivyo, kisha miaka yake sita ya kazi ijieleze.

Lugha na umbo

Kurasa mbili zatosha. Tajriba ipangwe kuanzia ya karibuni zaidi, na warejelewa waombwe idhini kabla ya kutajwa. Vielelezo vya shuleni huorodhesha dini na hali ya ndoa; mambo haya hayapimi uwezo, na Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo. Lugha ifuate ile ya tangazo. Pale tangazo lilipoandikwa kwa Kiswahili, mwombaji asione haya kukitumia, kwani Ibara ya 7 imekifanya lugha rasmi.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba wasifukazi bora hauzushi sifa, bali huzipa jina zile zilizopo. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana jukumu. Arudipo nyumbani wakati wa likizo, na aketi na jirani aliyepoteza kazi, amuulize alifanya nini tangu alfajiri hadi jioni, kisha aandike anayoyasikia. Neno "tu" litajiondoa lenyewe.