Maela na Likoni: Msiba Mmoja

Yako majina ya mahali ambayo sisi watu wa pwani huyasikia redioni yakapita kama upepo: Molo, Njoro, Olenguruone, Maela. Leo natutue Maela, karibu na Naivasha, katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru. Oktoba 1993 wakulima waliochomewa nyumba zao Enoosupukia, upande wa Narok, waliteremka hapo kwa maelfu, wakaishi chini ya maturubali kwa zaidi ya mwaka. Mwisho wa Desemba 1994, usiku, serikali ikaleta malori. Watu wakapakiwa kama magunia ya mahindi, vibanda vikabomolewa, na wengine wakaenda kumwagwa katika kiwanja cha michezo cha Kirigiti, Kiambu.

Serikali ilisema hivyo ni vita vya makabila. Aliyekataa neno hilo hadharani ni Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Kikatoliki wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996. Yeye alisema vita hivi vina wenyewe, na wenyewe wako juu. Kwao ni Machakos. Hakuwa wa kabila lililochomewa wala wa kabila lililochoma, na nadhani hiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa washindwe kumtia katika kapu moja na wengine.

Wenyewe hao walikuwa na sababu zao. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanywa Desemba 1992, na mtu aliyefukuzwa kwake hapigi kura. Wakati huo huo fedha za umma zilikuwa zikichotwa kwa mabilioni kupitia Goldenberg, kulipia dhahabu ambayo haikuwako. Ama ardhi, Tume ya Ndung'u ilionyesha mwaka 2004 jinsi mali ya umma, misitu ikiwamo, ilivyogawiwa wakubwa na wapambe wao kama halua ya harusi. Anayemchomea jirani kibanda huwa ni maskini mwenziwe. Shamba baadaye huliwa na mtu asiyejua hata kiberiti kilinunuliwa wapi.

Huko Maela alikuwako pia padri wa Kimarekani, John Kaiser, aliyewahudumia wakimbizi. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, akataja wakubwa kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara huko Naivasha. Wapelelezi wa Marekani walisema amejiua. Mahakama ya Kenya, Agosti 2007, ikasema ameuawa.

Pengine msomaji atauliza: haya ya maaskofu na mapadri yatuhusu nini sisi wa vyuoni na misikitini? Chuoni tulisomeshwa habari za Najashi, mfalme Mnasara wa Uhabeshi, aliyewahifadhi Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka, akakataa kuwatoa ijapokuwa aliletewa hidaya. Tena Sura ya Al-Hajj inazitaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa pamoja, kuwa ni mahali jina la Mungu linapotajwa. Hilo si jambo nililojifunza kwenye semina.

Tena yalitufika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na watu wa bara wakaambiwa waondoke. Naikumbuka feri asubuhi zilizofuata, watu wamejitwika magodoro, kina mama wameshika kuku na watoto. Wengine hawakuvuka, walijaa katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Baadaye vijana wetu wa Kidigo nao wakapigwa na kukamatwa ovyo. Uchaguzi ulikuwa Desemba, mwaka huo huo. Tume ile ile ya Akiwumi iliyoyachunguza ya Molo na Njoro ikaja ikayachunguza ya Likoni, na ripoti yake ilipotolewa mwaka 2002, mkono wa wanasiasa ulionekana kote kuwili.

Kwa hiyo Desemba 1999, Baraza Kuu la Waislamu, makanisa na Wahindu walipokaa pamoja katika jumba la Ufungamano, Nairobi, kudai katiba itakayotokana na wananchi, mimi sikustaajabu. Serikali ilitaka kazi hiyo ifanywe na Bunge lake. Wenye dini wakaunda tume yao, na mwaka 2001 ikabidi iunganishwe na ile ya Profesa Yash Ghai.

Walakini udugu huo ulipata ufa. Wako makasisi waliokwenda mahakamani mwaka 2004 kuipinga Mahakama ya Kadhi, ilhali ilikuwa ni ahadi ya mwaka 1963 baina ya Kenya na Sultani wa Zanzibar. Liliniuma, nalo lingali likiniuma kidogo. Lakini mwenye kuacha kumlilia aliyetupwa Kirigiti kwa sababu ya kesi ya makasisi huwa amemdai asiyekopa.

Katiba ilipita tarehe 4 Agosti 2010. Kadhi yumo, Ibara ya 170. Katika Ibara ya 67 imo Tume ya Taifa ya Ardhi, na huko ndiko aliyetoka Enoosupukia na aliyetoka Likoni wanakoweza kupanga foleni moja, kila mmoja na karatasi zake mkononi.