Magoti yakiuma, hesabu meno ya baiskeli

Ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaokwenda kazini kwa baiskeli kutoka Kangemi, Uthiru au Kawangware, huenda umewahi kuteremka mjini asubuhi bila taabu yoyote, kisha jioni ukafika nyumbani ukiwa umeshika goti. Wengi hudhani ni uzee au baridi yabisi. Wengine hununua tembe za maumivu na kuzimeza kila jioni kama peremende. Kabla hujafika huko, inama uitazame baiskeli yako.

Jiji letu limekaa kwenye mteremko. Stesheni ya reli ya Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kikuyu upande wa magharibi uko mita 2,000 hivi. Kwa hivyo mkaaji wa magharibi huteremka asubuhi akiwa na nguvu, na hupanda jioni akiwa na njaa na uchovu. Ukishapita Museum Hill, kilima cha kwenda Westlands kinakungoja, na Waiyaki Way huendelea kupanda kuelekea Kangemi na Uthiru. (Ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, haina nafasi ya baiskeli, wewe ni wa huku chini pamoja na matatu.) Anayepitia Kileleshwa na Lavington naye hushuka mabondeni na kupanda tena.

Kila unapokanyaga pedali, misuli ya paja huivuta pia ya goti, nayo pia hubanwa kwenye mfupa wa paja. Ukikanyaga kwa nguvu nyingi huku goti limekunjwa sana, mbano huo huongezeka. Mara moja si kitu. Lakini ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika kwa muda wa saa moja, kila goti limefanya kazi hiyo mara 3,600. Mtu akizidisha mzigo, goti huanza kuuma upande wa mbele, hasa anapopanda ngazi au anapoinuka baada ya kukaa kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye meno. Baiskeli nyingi za milimani za mitumba zina sproketi tatu za mbele, yaani zile duara zenye meno zilizo kando ya pedali. Mara nyingi kubwa ina meno 42, ya kati 32 na ndogo 22, ingawa nyingine huzidi hapo. Chukua baiskeli yenye magurudumu ya inchi 26, mnyororo ukiwa kwenye meno 20 nyuma. Ukipanda kilima kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ukitumia sproketi ya meno 42, utazungusha pedali mara 38 hivi kwa dakika. Ukitumia ile ya meno 22, utazungusha mara 73 hivi. Kilima ni kile kile na mwendo ni ule ule, lakini kila mkanyago unahitaji karibu nusu tu ya nguvu. Moyo na mapafu hufanya kazi, goti linapumzishwa.

Bwana mmoja wa miaka arobaini na kitu alinijia akiwa amemeza diclofenac kwa majuma kadhaa. Alikuwa ameanza kuendesha baiskeli ili kupunguza shinikizo la damu na kuokoa nauli. Kumbe waya wa kubadilishia gia za mbele ulikuwa umekatika, na mnyororo ukabaki kwenye sproketi kubwa siku zote. Dawa yenyewe ilikuwa ikimharibia kazi, kwa kuwa dawa za aina hiyo huweza kupandisha shinikizo la damu, kuchoma tumbo na kudhuru figo. Alikuwa karibu kuiuza baiskeli. Waya mpya, kiti kilichoinuliwa kidogo na majuma machache ya kwenda polepole vilimtosha.

Ukinunua baiskeli, usiijaribu kwenye uwanja tambarare wa muuzaji. Ipeleke kwenye kilima unachopanda jioni, uwe na mzigo wako mgongoni. Ikiwa huwezi kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika ukiwa umekaa kitini, bila kushikilia pumzi, gia ni nzito kwako. Baiskeli mpya nyingi zina sproketi moja tu mbele, ya meno 30, 32 au 34, na nyuma gia kubwa sana, pengine hata meno 51. Mwenye vilima vingi au mwili mzito achague 30. 34 inamfaa aliyezoea.

Kama unataka kubadilisha sproketi ya baiskeli ya zamani, mwulize fundi kwanza ikiwa imefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. Ya ribiti haitoki peke yake, itabidi ununue mkono mzima wa pedali. Matundu ya skrubu lazima yalingane, na mnyororo huenda ukahitaji kupunguzwa. Mnyororo uliochakaa utaruka juu ya meno mapya, na kuteleza kwa pedali katikati ya Waiyaki Way ni ajali.

Usisahau kiti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti cha chini mno huumiza mbele ya goti; cha juu mno huumiza nyuma.

Goti likivimba, likiwa moto, likikwama au likikosa nguvu ghafla, mwone daktari. Na ikiwa kifua kinakubana unapopanda kilima, shuka papo hapo, pumzika, uombe msaada wa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Usijaribu kwanza gia nyepesi.