Jazz ya Kwetu

Nikisema napenda jazz, wenzangu hosteli wanafikiria saksafoni za Marekani. Sivyo. Mimi ni wa Puge, Nzega, na kwa wazee wetu "jazz" lilikuwa jina tu la bendi ya dansi. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, wenye jina. Tabora Jazz walipiga Segere Matata. Western Jazz walikuwa Dar es Salaam, ila jina walilitoa Jimbo la Magharibi, yaani kwetu. Wao mtindo wao ni Saboso.

Ukitaka kuuonja muziki huu, usiukate wimbo katikati. Mwanzoni unasikiliza maneno, taratibu. Halafu waimbaji wanapungua, gitaa la solo linashika usukani, kasi inapanda: hapo ndipo penye chemko, ndipo watu waliinuka kucheza. Singeli yenyewe inaanzia kwenye kasi moja kwa moja, na ndiyo maana nayo naipenda.

Wanauita muziki wa wazee. Sawa, basi likizo hii tukawaulize hao wazee walicheza mtindo gani, wangali wapo wa kutusimulia.