Kwa Nini Chandarua Kianikwe Kivulini?

Sisi wa Kisawasawa na bonde zima la Kilombero tunawajua mbu. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga. Lakini chandarua kinahitaji kutunzwa.

Tazama wavu wa nailoni uliokaa muda mrefu karibu na jiko. Umegeuka rangi ya njano, na ukiuvuta unakatika. Kwa nini? Uzi wa nailoni ni minyororo mirefu ya kemikali. Joto na oksijeni ya hewani huikata minyororo hiyo. Wataalamu huumulika uzi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Uzi uliochakaa huonyesha alama mpya za kaboni iliyoshikana na oksijeni, hata kabla haujatoboka.

Vyandarua vingi vya siku hizi ni vya poliesta au polithini. Hivyo navyo huharibiwa na jua kali, pamoja na dawa yake. Basi:

1. Fua taratibu kwa sabuni ya kawaida.
2. Anika kivulini.
3. Weka mbali na moto.
4. Shona tundu mara ulionapo.

Mbu mmoja akipenya, mtoto anaweza kupata malaria. Kagua chandarua chako leo kabla ya kulala.