Tabibu wa Meno Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Jino bovu halingoji. Mtoto wa Songea aumwaye jino hawezi kula wala kulala. Tena usaha wa jino lililooza, ukiachwa, huweza kushuka shingoni ukamziba mtu pumzi. Kwa hiyo hapana budi kwenda hospitali. Lakini mwaka 2020 watu wengi waliogopa kumwendea tabibu wa meno, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Mwaka ule maradhi ya UVIKO-19 yalienea duniani pote. Tarehe 16 Machi serikali ya Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza, na kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Watu waliambiwa wakae mbalimbali na kufunika kinywa na pua. Je, tabibu wa meno afanyeje? Mgonjwa wake hana budi kufunua kinywa, naye hawezi kumtibu akiwa mbali.

Kwanza fahamuni hatari ilipo. Vijidudu vya maradhi hayo hukaa katika mate na pumzi. Tabibu hutoboa jino kwa keekee izungukayo zaidi ya mara 200,000 kwa dakika moja. Jino lisipate moto, keekee hurusha maji ya kulipoza. Maji hayo huchanganyika na mate yakawa ukungu mwembamba sana, nao huelea chumbani hata baada ya mgonjwa kuondoka. Aingiaye nyuma yake huvuta hewa ile ile.

Basi katika nchi nyingi vyumba vya meno vilibadili desturi zao. Mgonjwa aliulizwa mlangoni kama ana homa au kikohozi. Asiye na haraka aliambiwa arudi siku nyingine, bali mwenye uvimbe au maumivu makali alipokewa. Tabibu alivaa barakoa nzito, miwani na glavu. Kila mgonjwa alipotoka, kiti kilipanguswa kwa dawa, na madirisha yakaachwa wazi. Hata mahali kama Songea, penye baridi mwezi wa Juni na Julai, heri upepo wa dirishani kuliko joto la chumba kilichofungwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri keekee iepukwe kila iwezekanapo. Ushauri huo haukuwa mgeni Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, huko Dar es Salaam, matabibu walianzisha njia ya kuziba jino pasipo keekee, ili hata watu wa vijiji visivyo na umeme watibiwe. Tabibu hukwangua uozo kwa vyombo vidogo vya mkono, kisha hujaza tundu kwa dawa laini, nayo huganda ikawa ngumu. Mwaka 1994 Shirika hilo liliipendekeza njia hiyo kwa nchi nyingine. Hivyo njia iliyoanzishwa kwa ajili ya uhaba wa umeme ikawa ngao wakati wa maradhi, kwa maana pasipo keekee hapana ukungu.

Hata hivyo njia hii haifai kwa kila jino. Uozo ukifika kwenye kiini, mara nyingi jino hutiwa ganzi likang'olewa kwa koleo. Ndiyo maana yapasa kwenda mapema, tundu lingali dogo. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Lakini kifua kikuu na mafua nayo hupita katika hewa. Basi mkimwona tabibu amevaa barakoa, msimwogope: anawalinda ninyi, naye anajilinda, ili kesho awepo kumtibu mwingine.

Maswali
1. Ukungu wa keekee hutoka wapi, na hatari yake ni nini?
2. Kwa nini madirisha huachwa wazi?
3. Eleza jinsi jino linavyozibwa pasipo keekee.