Mtunzi wa Programu na Mashine Inayojifunza

Kwa miaka mingi kazi ya mtunzi wa programu za kompyuta imekuwa ni kutoa amri. Akitaka kompyuta ikokotoe mishahara, huandika kanuni moja baada ya nyingine, nayo huzifuata bila kuuliza. Leo mtu huyo huyo anatakiwa kazini kutumia akili mnemba, ambayo hujifunza kutokana na mifano badala ya kungoja kuandikiwa kila kanuni. Mchana wake umejaa kazi, na jioni jamaa zake wanamngoja. Je, aanzie wapi?

Wengi huanzia mwisho. Huchukua mashine iliyokwisha kufundishwa na wengine, wakaiunganisha na programu zao, ikatoa majibu, wakaridhika. Njia hiyo ni ya haraka, lakini siku mashine itakapokosea mtunzi hatajua kosa limetoka wapi. Yafaa aanze na jambo moja dogo lililo msingi wa mengine: jinsi mashine inavyojirekebisha kutokana na kosa lake.

Kalamu na karatasi zatosha. Na ichukuliwe kuwa mashine inatakiwa kujifunza bei ya kitambaa, nayo imepewa mfano mmoja: mita 2 zimeuzwa kwa shilingi elfu 6. Mashine hukisia bei kwa kuzidisha idadi ya mita kwa namba fulani, ambayo hapa itaitwa kizidishi. Kwa kuwa haijui lolote, kizidishi kianze na 1. Mashine itakisia elfu 2, na kosa litakuwa elfu 4. Kosa hilo, yaani 4, lizidishwe kwa mita 2, kisha kwa kipimo kidogo cha hatua, 0.1. Jibu ni 0.8, nalo huongezwa katika kizidishi kikawa 1.8. Safari ya pili mashine hukisia 3.6, na kosa hushuka hadi 2.4, safari ya tatu kosa ni 1.44. Haba na haba kizidishi hukaribia 3, yaani shilingi elfu 3 kwa mita moja, ingawa hakuna aliyeiandika bei hiyo.

Lakini kipimo cha hatua kikiwa 0.6 badala ya 0.1, kizidishi huruka mara moja hadi 5.8, mashine hukisia 11.6, na kosa huwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa hesabu hizo mbili mtunzi amekwisha kuona kwa nini mashine hujifunza, na kwa nini pengine hushindwa.

Wazo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Frank Rosenblatt wa Marekani alibuni perseptroni, mashine iliyorekebisha vizidishi vyake kila ilipokosea. Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walionyesha kwa hisabati mipaka ya perseptroni ya tabaka moja. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walieleza namna ya kulirudisha kosa nyuma, tabaka kwa tabaka, ili kila kizidishi kirekebishwe kwa kadiri kilivyochangia. Mitandao mikubwa ya leo ina vizidishi mabilioni, lakini utaratibu ungali huo: kukisia, kupima kosa, kurekebisha.

Hapana budi kukumbuka kwamba mashine hujua yale tu yaliyomo katika mifano yake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mashine tatu zilizokuwa sokoni, zilizokisia kutokana na picha ya uso kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Walitumia picha za wabunge 1,270 wa Rwanda, Senegali, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden. Kwa wanaume weupe, hakuna mashine iliyokosea zaidi ya asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, moja ilikosea kwa asilimia 34.7. Makusanyo mawili ya picha yaliyokuwa yakitumiwa kupimia mashine za namna hiyo yalikuwa na watu weupe zaidi ya robo tatu. Mtihani wa namna hiyo humpa alama nzuri mwanafunzi asiyejua.

Mtunzi mwenye shughuli nyingi na atenge nusu saa kila jioni. Juma la kwanza afanye hesabu kwa mkono. Juma la pili aandike mwenyewe programu fupi ya kufanya hesabu hizo. Juma la tatu agawe mifano mafungu mawili, moja la kufundishia na moja la kupimia, na hilo la pili mashine isilione kabla ya mtihani. Ndipo achukue zana za wengine, akiuliza kwanza: ni nani asiyekuwamo katika mifano hii?