Juma Moja Unguja, Mume na Mkewe

Watu wa pwani ni wasafiri tangu jadi, lakini safari zetu lazima ziwe na sababu. Twasafiri kwa arusi, kwa matanga, kwa kumpeleka mgonjwa kwa daktari, kwa biashara, na aliyejaaliwa uwezo husafiri kwenda Hija. Ama mume na mkewe kufunga mkoba, wakafunga na mlango, wakaenda mji mwingine juma zima kwa ajili ya kula vizuri na kutembea penye miti na bahari, hilo wengi wetu hatujalizoea. Jirani akiwaona na mikoba yao atauliza kwanza, "Kwani nani kafa?"

Wala si kwamba haja hiyo hatuna. Zitazame nyumba zetu. Mke aamka alfajiri kukanda mahamri, mchana yuko juu ya chungu cha wali, na jioni waingia wageni. Huenda miaka ishirini imepita hajala tonge ambalo hakulipika mwenyewe, isipokuwa katika nyumba ya arusi, na huko nako alikuwa jikoni. Mume yuko kazini, akitoka kazini yuko msikitini, akitoka msikitini yuko barazani. Wakikutana usiku, mazungumzo ni karo, unga na bili ya stima. Mapenzi hayakufa, ila yamekosa pa kukaa. Watu kama hao ndio ninaowaandikia leo, hasa wale wapendao chakula kizuri na wasiochoka kuangalia mti, ndege na maji.

Nimewachagulia Unguja. Mji wenyewe si mgeni kwetu: lugha yetu ni moja, chakula halali kiko kila pembe, na adhana husikika popote mlipo. Tena Mji Mkongwe una jambo ambalo miji mingi haina. Shamba la viungo, msitu mkubwa, mikoko na miamba ya bahari vyote viko karibu nao, hata mtu aweza kutoka asubuhi akaviona na jioni akarudi kulala kitanda kile kile.

KULA, KISHA KUFUATA SHINA

Wengi wakipanga safari huandika orodha ndefu ya mahali pa kwenda, kisha hukimbizana nayo mpaka hurudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka. Mimi nashauri kanuni moja tu: kile mnachokila mjini, kifuateni mpaka mkione kilikotoka. Mkila pilau, nendeni mkauone mti wa karafuu. Mkila pweza, nendeni mkauone mwamba anakoishi. Hapo chakula na matembezi huwa kitu kimoja, na mume na mkewe huwa na jambo jipya la kuzungumza wakirudi mezani.

Kwanza, wakati. Miezi ya masika, tangu Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na njia za mashamba huwa matope. Kusi likishika, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa huwa baridi kidogo na kutembea huwa raha. Mwezi wa Ramadhani mikahawa hufungwa mchana, basi anayekwenda kwa ajili ya kula na achague mwezi mwingine. Tazameni na mwezi wa angani. Siku za bamvu maji hutoka mbali sana na mwamba huonekana. Siku za maji mafu hamtaona mengi ufukoni.

Pili, njia. Kutoka Mombasa ndege ni mwendo mfupi. Mwenye kupenda nchi kavu atapitia Lungalunga na Horohoro, aende Tanga mpaka Dar es Salaam, kisha apande boti iendayo kasi, yapata saa mbili baharini. Atakayepita huko asizihesabu siku za njiani katika zile saba. Ulizeni mapema habari za hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana masharti hubadilika, na mpakani si mahali pa kuanza kubishana.

Tatu, malazi. Kaeni nyumba moja, ndani ya Mji Mkongwe, siku zote saba. Kuhamahama ni kazi, na kazi mmeiacha nyumbani.

SIKU ZA MJINI

Tuseme mmefika Jumatatu. Siku hiyo msipange lolote. Ogeni, lalani, na alasiri mtoke mkapotee kwenye vichochoro. Magharibi ikishaingia teremkeni Forodhani, bustani iliyotengenezwa upya mwaka 2009, muone majiko yanavyowashwa pwani ya maji. Kuna mishkaki, samaki wa kuchoma, pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na ile iitwayo "Zanzibar pizza", ambayo mtu wa Mombasa akiionja atagundua kuwa haiko mbali na mkate wa nyama na mayai aliouacha kwao. Ulizeni bei kabla ya kula, na mchagueni mchomaji mwenye wateja wengi, kwa sababu kwake samaki hapati nafasi ya kukaa.

Jumanne ni ya Darajani. Jina hilo lilitokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji na Ng'ambo, kabla mkono huo haujafukiwa. Soko lake lilijengwa mwaka 1904. Nendeni asubuhi, nyote wawili. Hapa nina neno na waume. Wengi wetu sokoni twaijua njia ya duka la nyama tu. Tungule, ndizi na viungo ni vya bibi. Siku hii mume na awe mwanafunzi, akanuse, akaulize, akabebe kikapu.

Kutoka hapo tembeeni polepole. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kutolewa katika mwambao huu, na kwetu Mombasa twajua kuwa Fort Jesus iliwaponyoka Wareno mwaka 1698. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka Disemba 2020, na kuanguka huko kumetufundisha kuwa nyumba kongwe isiyotunzwa haingoji. Adhuhuri ikipita, kuleni urojo. Mtu wa Mombasa atamtambua jamaa yake wa viazi vya rojo: mbatata, bajia, katlesi na mishkaki ndani ya rojo la manjano lenye ukali wa embe bichi, juu yake chatini na pilipili. Bakuli moja huwashibisha wawili wasio na pupa.

SIKU ZA SHAMBA NA MSITU

Jumatano nendeni mashamba ya Kizimbani na Kidichi. Mtaona mambo ambayo mke ameyashika mkononi maisha yake yote bila ya kuyaona mtini. Karafuu ni tumba la ua lisilofunguka, huchumwa likali bichi na kuanikwa juani mpaka likageuka rangi. Mdalasini ni gome. Iliki haizai juu bali chini, karibu na udongo. Kungumanga likipasuka, ndani kuna kokwa iliyovikwa wavu mwekundu, na wavu huo ndio basbasi. Ama bizari nyembamba, ambayo pilau bila yake si pilau, hamtaiona shambani. Hiyo yapenda nchi kavu, na hutuletea wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Basi sinia moja la pilau ni shamba na bahari pamoja. Mashamba haya nayo yamepata misiba yake: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyoupokea uongozi wa zao hilo.

Hapo Kidichi pana hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, yenye nakshi za kwao. Sisi si masultani wala hatuna mafundi wa kutia nakshi, lakini mume aliyesimama pale na mkewe hawezi kukosa kujiuliza yeye amemjengea nini.

Alhamisi ni ya msitu wa Jozani, ulio kusini-mashariki ya mji, yapata kilomita 35. Pamoja na ghuba ya Chwaka, msitu huu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Ndani yake mna mitondoo mikubwa na kivuli cha baridi, na mna kima punju, mnyama mwekundu wa mgongo ambaye asili yake ni kisiwa hiki na si kwingine duniani. Kima huyu naye ni mpenzi wa chakula. Hula majani machanga ya miembe na mikungu, yenye vitu vya kuchafua tumbo, na wale wakaao karibu na mashamba wamejifunza dawa yake: huokota makaa yaliyobaki baada ya watu kuchoma kuni, wakayatafuna, na makaa yakaivuta ile sumu. Mtazameni kwa mbali, msimlishe wala msimshike.

Karibu na hapo, Pete, mmejengwa njia ya mbao katikati ya mikoko. Maji yakitoka mtaona kaa na mizizi. Yakijaa mtaona samaki wadogo wakijificha. Hapo ndipo mahali pa malezi. Samaki wengi na kamba tunaowanunua wakubwa walikulia katika mizizi kama hiyo, na anayekata mkoko bila ya hesabu akata chakula cha mwakani.

Njia hiyo hiyo ya kusini yafika Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Salini hapo alasiri, kisha rudini mjini.

IJUMAA NA BAHARI

Ijumaa ni siku ya kupumzika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Nanyi mmeshakaa nne. Basi mnaweza kumwomba mwenye nyumba awapatie mama wa mtaani awapikie pweza wa nazi au boko boko nanyi mkiwa jikoni, kwa malipo yake halali. Mke na akae kitini. Mume na akune nazi. Msicheke: wako wanaume wengi pwani hii wapikao sufuria za arusi za watu mia tano, lakini kwao hawajapata kukuna kifuu kimoja.

Baada ya sala mtaona wazee wamekaa Jaws Corner na barazani, kahawa chungu mkononi na kashata kando. Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mume huketi kikombe kimoja, kikawa viwili, mazungumzo yakanoga, na mkewe yuko chumbani akihesabu boriti za dari. Bwana, kahawa ya kwenu haijakwisha. Nunua halua, panda nayo juu ya sakafu ya nyumba, mkaangalie jua linavyozama nyote wawili.

Jumamosi ni ya bahari. Mwenye uwezo na aende Chumbe, kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994. Huko matumbawe yako hai na kaa wakubwa wa minazi hutoka usiku. Bei yake ni kubwa na nafasi ni chache, lazima mwandikishe mapema. Asiyeweza, Changuu ni karibu na nafuu, na wako kobe wakubwa ambao wa kwanza wao walitoka Shelisheli mwaka 1919.

Mkiwa majini mkumbukeni yule pweza wa Forodhani. Hukua upesi, na jike hutaga mara moja tu, kisha hufa. Kwa hiyo viko vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, asiguswe mtu pweza, ili akue na atage. Siku ya kufungua huwa furaha. Wanawake waliokuwa wakirudi na vipweza vya kiganja hurudi na wazito. Nyinyi wageni mna sehemu yenu: mkiletewa pweza mdogo, mkataeni kwa adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni anayekula mbegu hamponyi mtu.

Jumapili mnarudi. Bebeni viungo, halua na mkate wa ufuta, msibebe matumbawe wala makombe.

Gharama ni ya kweli, sikatai. Lakini hesabuni tulivyotumia mwaka jana kwa sare za arusi za watu, na nauli za matanga, na michango. Hizo ni haki za jamaa na lazima zitolewe. Je, haki ya yule mliyeoana naye iko daftari gani? Leo usiku, baada ya chakula, kaeni mchague juma moja, mliandike, na mkitajiwa arusi nyingine juma hilo, mpeleke zawadi na salamu. Arusi za watu hazitakwisha.